Sifa za Mapazia ya Shangazi

Kuna watu waliojaliwa sauti nzuri, wengine wakajaliwa miguu ya kukimbia. Mkalimani yeye alijaliwa uwezo wa kupokea tusi la Kiingereza na kulitoa upande wa pili kwa Kiswahili likiwa limeoga, limepakwa mafuta na kuchanwa nywele. Kipaji hicho hakikumpa cheo wala cheti. Kilimpa jina la utani tu, tena alipewa na shangazi yake mwenyewe, kwa mapenzi, mbele ya wageni, na tangu siku hiyo hakuna aliyekumbuka jina alilopewa na wazazi wake.

Kazi yake rasmi ilikuwa mapokezi. Nyumba ya wageni ya Shangazi ilikuwa na ghorofa moja, vyumba vilivyotazamana kwenye korido kama watu waliogombana, na meza ya mapokezi iliyowahi kuwa kaunta ya duka la dawa. Bado ilikuwa na kibandiko kinachomwonya mteja asimeze vidonge bila kumwona daktari. Nyuma ya meza hiyo Mkalimani alitunza funguo, akapokea simu na kusikiliza habari za bomba la chumba cha mwisho, ambalo lilitoa maji pale lilipojisikia. Mgeni akishuka na taulo kiunoni na povu kichwani, yeye ndiye aliyepanda naye na ndoo, akimweleza kwamba mafundi wako njiani. Mafundi hao walikuwa njiani tangu nyumba ilipojengwa.

Lakini kazi iliyompa jina ilikuwa ya Jumatatu asubuhi. Shangazi hakujua Kiingereza na hakuona haya kusema hivyo. Alijua kushona, alijua shuka iliyofuliwa na shuka iliyonyunyiziwa maji tu, na alijua kumtambua mgeni atakayeondoka na taulo kwa namna anavyoingia mlangoni. Jumatatu, wageni wakishakunywa chai na kwenda zao, aliketi kwenye kochi la mapokezi, akavua viatu, akasema, "Haya, mwanangu. Wanasemaje huko?"

Huko ni mtandaoni, ambako mgeni akishaondoka huandika yale aliyoshindwa kuyasema akiwa anatazamwa usoni. Wageni wengi walikuwa watu wa nje waliokuja mjini kwa kazi za barabara, maji na semina zisizoisha, na waliandika kwa Kiingereza. Mkalimani alifungua simu ya ofisi, akasoma kimya, akameza mate, akaanza.

Shuleni, mwalimu wa Kiingereza aliwafundisha kwamba kitu kibaya ni "ugly", na kikizidi ubaya ni "very ugly". Akafunga kitabu, na darasa zima likatoka likiamini limelimaliza somo. Masikini mwalimu. Wageni hawakulitumia neno hilo hata kwa bahati mbaya, nadhani waliliona la bei rahisi. Kwao ubaya umepangwa kabatini kama nguo. Kuna "dingy", ambao ni ubaya wa chumba chenye giza lililochanganyika na uchafu. Kuna "musty", harufu ya sanduku lililofungiwa koti bichi. Kuna "drab", ubaya wa kitu kilichokata tamaa, na kuna "gaudy", ubaya wa kitu kinachojipenda kupita kiasi. Kuna "lumpy", uliotengwa kwa ajili ya magodoro na uji. Mtu unabaki kujiuliza watu hawa walikulia kwenye nyumba za namna gani mpaka wakayahitaji maneno yote hayo. Na juu ya yote amekaa "hideous", sultani wao, ubaya unaomfanya mtu arudi nyuma na kushika kifua. Huyo sultani ndiye aliyeanzisha mambo.

Ilikuwa muda mfupi baada ya kumzika mume wa Shangazi. Mapazia ya nyumba nzima yalikuwa ya zambarau, yenye mawaridi mekundu makubwa kama kabichi na nyuzi za dhahabu zinazoning'inia chini. Marehemu ndiye aliyechagua kitambaa, akasema pale dukani, kwa uhakika wa mtu asiyejua rangi, kwamba hayo ni mapazia ya ikulu. Shangazi aliyashona mwenyewe kwa cherehani yake, chumba baada ya chumba, mumewe akishika ncha ya kitambaa kisiburute sakafuni. Mkalimani alikuwa msichana mdogo wakati huo, amefiwa na wazazi, amechukuliwa na Shangazi, na kazi yake ilikuwa kuokota vipande vya nyuzi. Kwa hiyo alijua ni nini kimeshonewa ndani ya mapazia yale. Mgeni aliyeandika kwamba ni "hideous" hakujua.

"Wanasemaje?" Shangazi akauliza siku hiyo, macho bado yamevimba kwa kulia.

"Wamesema mapazia hayajapata kuonekana mfano wake," Mkalimani akajibu.

Ukilitazama kwa jicho moja, hakudanganya. Hilo alijiambia mara nyingi baadaye. Shangazi akatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, akaomba aonyeshwe neno lenyewe, akaliwekea kidole pale kwenye kioo cha simu.

"Hili?"

"Hilo."

"Marehemu angelisikia hili," Shangazi akasema, na machozi yaliyomtoka safari hiyo yalikuwa ya aina nyingine.

Mtu mwenye akili timamu angeishia hapo. Mkalimani alikuwa na akili timamu na hakuishia hapo, kwa sababu Jumatatu iliyofuata Shangazi alikuja amejipaka wanja, amekaa mkao wa kula, na ungekuwa na roho ngumu kiasi gani kumpa mtu wa namna hiyo habari za uvundo. Basi chumba chenye giza kikawa "chumba kinachopumzisha macho". Harufu ya koti bichi ikawa "harufu inayomkumbusha mgeni nyumba ya bibi yake". Godoro lenye mabonde likawa "godoro linalomkanda mtu mgongo". Mayai ya asubuhi, ambayo mgeni mmoja aliyafananisha na mpira, yakawa "mayai imara". Shangazi alisikiliza akitikisa kichwa kwa unyenyekevu, kama mwanamke anayesifiwa watoto wake.

Tatizo la Shangazi ni kwamba alikuwa mfanyabiashara hodari. Akiambiwa mteja amependa kitu, anamwongezea. Aliposikia wanapenda chumba kinachopumzisha macho, alibadilisha balbu zote akaweka ndogo zaidi, mpaka wageni wakawa wanavaa viatu kwa kupapasa. Aliposikia wanapenda rangi zilizochangamka, aliwashonea na foronya za zambarau. Magodoro mapya aliyokuwa ameshayanunua aliyafungia stoo, akarudisha ya zamani yanayokanda. Na kwa ajili ya ile harufu ya nyumba ya bibi alipanda juu ya kiti na nyundo, akagongomea madirisha ya vyumba vyote yasifunguke, ili harufu isije ikatoka ikawafaidisha majirani. Mkalimani alisimama chini akimshikia misumari. Alimpa mmoja mmoja, kwa adabu, kama mtu anayemhudumia daktari.

Usidhani hakusema kitu. Alisema, "Shangazi, hewa kidogo si mbaya." Shangazi akamjibu kwamba hewa iko nje tele na haina mwenyewe, ila harufu kama hiyo haipatikani popote. Hapo Mkalimani angeweza kusema zaidi. Alimpa msumari mwingine.

Kwa hiyo wageni walipungua, na kadiri walivyopungua ndivyo sifa zilivyozidi kupamba moto. Waliobaki waliandika kwa hasira, na hasira ikipita kwa Mkalimani ilitoka mashairi matupu. Shangazi aliukubali utajiri huo wa sifa na umaskini wa wateja bila kuona mgongano wowote. Alisema ni majirani wenye husuda wanaowapotosha watu njiani.

Baya zaidi, alianza kuyapenda maneno yenyewe. Hakutaka tena tafsiri tu, alitaka na neno, alione lilivyo, alitamke. Hakuweza kuyaandika lakini aliyajua kwa sura, kama unavyowajua watu wa mtaani usiowajua majina. "Dingy" alikuwa "yule mwenye mikia miwili". "Musty" alikuwa "yule wa harufu". Na "hideous" alimtamka vizuri kuliko Mkalimani, kwa kuivuta silabi ya mwanzo, na alimtumia kila alipotaka kumheshimu mtu. Mhandisi mmoja wa barabara aliposhuka asubuhi amevaa kofia mpya, Shangazi alimsimamisha mlangoni, akainyooshea kofia mkono, akamwambia kwa Kiingereza, kwa uso wa upole kabisa, kwamba ni "very hideous". Mhandisi alicheka mpaka akaegemea ukuta. Wiki ile aliandika kwamba mwenye nyumba ana mzaha mkali. Hayo nayo Shangazi aliyasikia kwa Kiswahili kama "mwenye nyumba anajua kuzungumza na watu".

Ndipo siku moja ya Jumatatu, baada ya wiki iliyokuwa na wageni wachache kuliko ndoo za maji, Shangazi akatangaza mpango wake.

"Nimeongea na yule fundi wa mabango," akasema. "Atakuja Jumamosi. Nataka ukuta wa mbele, ule unaotazama barabara, uandikwe yale maneno ya wageni. Makubwa. Mtu akipita asome, aingie."

Mkalimani akadakia haraka, "Tuandike 'beautiful', Shangazi. Tuandike 'clean'. Watu wanayapenda."

"Hayo kila mtu anayo. Hata ile nyumba ya kunguni kule kona imeandika hivyo. Mimi nataka yale yetu."

"Yale ni marefu kidogo."

"Mwenye mikia ni mrefu? Ana herufi ngapi? Wewe vipi leo?"

Na hapo ndipo Mkalimani alipoliona shimo alilolichimba kwa kijiko cha chai. Ukuta ule ulitazama barabara wanayopita wanafunzi wa chuo asubuhi na jioni, na kila mmoja wao angeyasoma maneno yale na kuyaelewa. Mtaa mzima ungemcheka Shangazi, mwanamke aliyeogopwa hata na wauza maji. Na siku atakayojua ni kwa nini wanamcheka, angejua pia ni nani aliyemvalisha kichekesho hicho Jumatatu baada ya Jumatatu. Alikuwa na siku chache za kusema ukweli, na aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa kitu.

Jumanne hakusema kwa sababu Shangazi alikuwa anaumwa kichwa. Jumatano alikuwa mzima na mwenye furaha, na ni ukatili kumwambia mtu habari kama hizo akiwa na furaha. Alhamisi hakuwa na furaha, na huo ungekuwa ukatili zaidi. Isitoshe, siku hiyo hiyo mgeni mmoja mwanamke, mtaalamu wa visima, alishikwa na homa kali, na Shangazi akajifungia chumbani kwa mgonjwa na beseni na kitambaa, asitoke mpaka jua lilipozama isipokuwa kumtuma Mkalimani dawa na supu. Ungemwita nje mtu anayeuguza ili umwambie mapazia yake yanatisha? Mkalimani alikuwa na huruma mno kwa hilo. Alijipangia Ijumaa. Ijumaa asubuhi mgonjwa akapanda gari kwenda kwao akiwa na nafuu, Shangazi akalala kidogo, na Mkalimani akaona bora akanunue sabuni na balbu kwanza, arudi, amkute ameamka, amwambie.

Yule fundi wa mabango, ambaye mtaani walimwita Msanii, hakuwa na sifa ya kuwahi. Vinyozi walimngoja, wauza simu walimngoja, na kanisa moja lilimngoja mpaka likabadilisha mchungaji. Katika maisha yake yote ya kazi hakupata kufika siku aliyoahidi. Safari hii alikuja siku moja kabla.

Mkalimani aliporudi na kikapu aliona ngazi kwanza, kisha Msanii juu ya ngazi, kisha ukuta. Neno la kwanza lilikuwa limekamilika. Hideous, herufi ndefu kama mtoto wa shule, zambarau, pembezoni dhahabu, limekolezwa kivuli. Msanii alikuwa hodari, lazima tuseme. La pili lilikuwa limefika katikati, bado mikia. Chini ya ngazi, kwenye kiti, kulikuwa na ile simu ya ofisi, na Shangazi ndiye aliyekuwa amemwonyesha kwa kidole: huyu, kisha huyu, kisha yule wa harufu.

Shangazi mwenyewe alisimama ng'ambo ya barabara, mikono kiunoni, kichwa amekiinamisha upande, anaangalia. Karibu yake walisimama wasichana wawili wa chuo wenye vitabu. Mmoja alikuwa anapiga picha, mwingine amejiziba mdomo na mabega yanamtetemeka. Shangazi aliona wamevutiwa.

"Karibuni, wanangu," akawaambia. "Hata ndani ndivyo kulivyo. Mkipata wageni wenu waleteni."

Wasichana wakakimbia wakiwa wameshikana. Mkalimani akasimama na kikapu chake katikati ya barabara, na moyo ukamuuma kweli, si kwa woga tena. Alimwona shangazi yake akiwapungia mkono watu wanaomcheka. Akavuka.

"Shangazi, mwambie fundi ashuke."

"Ashuke kwa nini? Herufi hazijakaa sawa?"

"Zimekaa sawa. Neno lenyewe ndilo si zuri. Maana yake si ile niliyokuambia."

Shangazi bado alikuwa na lile tabasamu alilowapa wasichana. "Maana yake nini, basi?"

"Ni baya. Ni baya sana, Shangazi, mpaka mtu anashtuka akiona."

"Neno ndilo baya, au mapazia ndiyo mabaya?"

Mkalimani akaweka kikapu chini. "Mapazia," akasema.

Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilikaa pale usoni kidogo kama mgeni ambaye hajaambiwa kwamba chumba chake kimechukuliwa, kisha likaondoka.

"Na huyu mwenye mikia?"

"Giza na uchafu."

"Wa harufu?"

"Uvundo."

"Wa godoro?"

"Mabonde. Wanaamka migongo inawauma."

Shangazi akaitikia kila moja kwa kichwa, polepole. "Kwa hiyo yule mhandisi, na kofia yake."

"Ndiyo."

"Alicheka."

"Alidhani unamtania."

"Na mke wa daktari nilimwambia hivyo hivyo kuhusu gauni lake," Shangazi akasema. "Yeye hakucheka."

Msanii akageuka juu ya ngazi, brashi mkononi, akauliza kama aendelee. Mkalimani akamtazama kwa hasira iliyokuwa inatafuta mtu wa kumwangukia. "Wewe umesoma, Msanii. Unaandika maneno kama haya kwenye nyumba ya mtu, huulizi?"

"Dada, mimi nilijua ni majina ya vyumba," Msanii akajibu.

"Rangi imekauka?" Shangazi akamuuliza.

"Bado, Mama."

"Futa."

"Nifute lipi?"

"Ukuta," Shangazi akasema, akavuka barabara, akachukua simu kwenye kiti, akaingia ndani.

Mkalimani alimkuta ameketi mahali pake pa Jumatatu ingawa ilikuwa Ijumaa. Viatu hakuvivua. Akamwonyesha Mkalimani kiti cha mbele yake. "Yasome yote. Tangu lile la kwanza. Na usiyaoshe."

Mkalimani akasoma. Ilikuwa kazi ngumu kuliko alivyodhani, kwa sababu alikuwa ameizoea ile njia nyingine, na ulimi ulitaka kukata kona. Mara mbili alisema "kuna utulivu" na mara mbili akajirudi, akasema "kuna giza, nilijigonga mlangoni". Alisoma habari za mayai, za bomba, za foronya zilizoacha rangi shavuni mwa mtu. Shangazi alisikiliza bila kukatiza. Katikati ya usomaji aliinuka, akapanda juu ya kiti, akalishusha pazia la mapokezi, na mwanga ukaingia ukaonyesha kila kitu jinsi kilivyo, vumbi, zulia, kaunta ya duka la dawa, binti mtu mzima ameinamia simu. Akalikunja pazia vizuri, ncha kwa ncha, akaliweka mapajani, akaketi tena.

"Kwa nini?" akauliza.

"Sikutaka uumie. Ulikuwa umetoka kumzika."

"Siku ile nakuelewa," Shangazi akasema. "Siku ile ningejua ningekubusu mikono. Lakini nilipogongomea madirisha? Nilisimama juu ya kiti hiki hiki, na nyundo, mtu mzima, nafungia uvundo ndani ili usitoke. Na wewe ndiye uliyekuwa unanishikia misumari."

Mkalimani alianza kulia. Shangazi hakumkataza wala hakumbembeleza. Alingoja amalize, kama mtu anavyongoja mvua akiwa chini ya paa la watu, halafu akauliza kama yameisha.

Yalibaki maoni ya mgeni mmoja, yaliyoingia saa chache kabla, ambayo Mkalimani alikuwa hajayafungua kwa sababu wiki nzima aliiogopa simu kama chatu. Akayafungua. Aliyasoma kimya mpaka mwisho, akafuta macho, akayasoma tena kwa Kiswahili, kwa sauti, neno baada ya neno, asiongeze wala asipunguze.

"Mapazia yanatisha. Chumba kina giza na dirisha halifunguki. Lakini nilipopata homa, mwenye nyumba alikaa kando ya kitanda changu siku nzima, akinipangusa uso na kunigombeza kwa lugha nisiyoijua, kama alivyokuwa akinigombeza mama yangu. Nimelala kwenye hoteli nzuri ambamo ningeweza kufa na mtu asigonge mlango. Nikirudi mji huu, nitalala hapa."

Akainua uso. Alikuwa anatabasamu katikati ya machozi, maana kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ile hakulazimika kushona kitu chochote. Alingoja Shangazi naye atabasamu.

"Sawa," Shangazi akasema. "Na kweli yake ni ipi?"

"Hiyo ndiyo kweli yake."

"Ya mama yake. Ya kusema atarudi."

"Yote, Shangazi. Ndivyo alivyoandika."

Shangazi akamtazama. Alimtazama kuanzia miguuni kwenda juu, kama alivyozoea kumtazama mgeni anayeingia na begi jepesi, na Mkalimani, aliyekuwa ameliona jicho hilo likiwatazama watu wengi akiwa nyuma ya meza, hakuwahi kuwa mbele yake mpaka siku hiyo.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa mkaguzi wa mizani, mtu mzima mwenye mkoba, ambaye hulala pale kila anapopita kukagua mizani ya maduka, labda kwa sababu kazi yake imemzoesha kuvumilia kila kitu. Akasalimia, akaomba chumba. Mkalimani akaweka simu mezani, akaunyoosha mkono kwenye funguo.

"Subiri," Shangazi akasema. Akaichukua simu mezani, akamwendea mgeni. "Baba, wewe Kiingereza unakijua?"

"Kiasi, mama."

"Hebu njoo hapa nje kwenye mwanga unisomee kitu."

Walisimama barazani, karibu na ule ukuta uliobaki na doa kubwa la zambarau ambalo Msanii alikuwa anahangaika nalo. Kupitia dirisha lisilo na pazia Mkalimani aliwaona. Hakusikia kitu. Alimwona mkaguzi ameisogeza simu mbali na macho, midomo inacheza, anasoma kwa kusitasita, na Shangazi ameinamisha kichwa. Mkaguzi alipomaliza, Shangazi alimwomba arudie. Kisha akajipangusa uso kwa ncha ya khanga, muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika kwa jasho.

Aliporudi ndani alimpa mgeni ufunguo mwenyewe, akairudisha simu mezani mbele ya Mkalimani.

"Amesema vilevile ulivyosema wewe," akasema. "Neno kwa neno."

Mkalimani akaivuta simu kwake. "Nilikuambia, Shangazi."

"Uliniambia. Lakini imenibidi nimuulize mtu baki."

Kisha akafungua droo, akatoa nyundo, akapanda juu kwenda kung'oa misumari ya madirisha, na safari hii hakumwita mtu wa kumshikia.